Oskiloskopu ya Zamani Haioneshi Kitu? Anzia Hapa

Maswali kuhusu oskiloskopu, mashine inayochora umeme kama mstari au wimbi kwenye skrini, huwa ni yale yale. "Nimepata oskiloskopu ya miaka ya sabini, taa ya mbele inawaka lakini skrini ni giza." "Mstari upo ila umekwama juu, haushuki." "Nimebadilisha kapasita zote na bado haifanyi kazi." Hilo la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Mtu ameshamaliza fedha na muda, na sasa mashine ina hitilafu mbili: ile iliyokuja nayo, na nyingine iliyoingia wakati wa kubadilisha, labda kapasita moja iliyowekwa kinyume au njia ya bodi iliyong'oka.

Kwa hiyo shika neno hili kabla hujagusa bisibisi: usibadilishe kipuri ambacho mita haijakishtaki.

Mashine hizi zilitengenezwa ili zifunguliwe na kutengenezwa. Chukua Tektronix 465, iliyotoka mwaka 1972 ikiwa na uwezo wa megaheti 100. Kitabu chake cha matengenezo kina mchoro wa kila sakiti, volti zinazotakiwa kwenye vituo vya kupimia, na hata picha za mawimbi unayopaswa kuyaona. Transista zake nyingi zimekaa kwenye soketi, unazichomoa kwa vidole. Vifaa vingi vya leo havikupi nafasi hiyo.

Unachohitaji

- Kitabu cha matengenezo cha modeli yako hasa. Vya modeli nyingi maarufu vinapatikana mtandaoni. Angalia pia namba ya serial, kwa kuwa watengenezaji walibadilisha sakiti katikati ya uzalishaji na kitabu hueleza mabadiliko yalianzia namba gani.
- Mita ya kidijitali inayohimili angalau volti 600 za DC, na waya zake ziwe nzima.
- Balbu ya nyuzi ya wati 100 na soketi yake. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii.
- Rezista ya kilo-omu 10, wati 5, iliyofungwa waya zenye ganda zuri na klipu za mamba, kwa ajili ya kutoa chaji.
- Pasi ya kuchomea lehemu yenye joto linalorekebishika, na pampu ya kunyonyea lehemu.
- Alkoholi ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu, na vipande vya karatasi ngumu.
- Simu ya kupigia picha kila hatua, na daftari.
- Oskiloskopu ya pili, hata ndogo, ukiweza kuazima. Itasaidia, lakini hatua nyingi za hapa chini unazifanya kwa mita tu.

Usalama kwanza, na soma yote

Kathodi (upande hasi) ya tyubu ya picha, ile chupa ya kioo yenye skrini, hukaa kwenye maelfu ya volti hasi. Katika 465 ni karibu volti 2,450 hasi, na anodi iko kwenye maelfu mengi zaidi upande wa chanya. Mita yako ya kawaida si ya kupimia huko. Itaungua, na wewe unaweza kufa. Bila probu (ncha ya kupimia) maalumu ya volti kubwa, eneo lile lenye kifuniko cha plastiki na waya mnene mwekundu au mweupe liache kama lilivyo. Waya wa anodi usiuchomoe. Tyubu inaweza kushikilia chaji muda mrefu baada ya kuzimwa.

Usikate waya wa ethi kwenye plagi. Kuna watu hufanya hivyo ili kupima sakiti "zinazoelea". Ukifanya hivyo, ganda zima la chuma unalolishika linaweza kuwa na umeme.

Kama mashine yako ina ugavi wa umeme wa kuswichi (unaokatakata umeme kwa kasi badala ya kutegemea transfoma kubwa ya kawaida), upande wake wa kwanza umeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Kapasita kubwa ya pale inaweza kubeba volti 325 za DC pale umeme unapokuwa volti 230. Usipime upande huo bila transfoma ya kutenga, yaani inayoitenganisha mashine na umeme wa ukutani. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuanza na mashine yenye transfoma kubwa ya kawaida na kuziacha za kuswichi mpaka mkono uzoee.

Unapopima mashine ikiwa imewashwa, mkono mmoja uwe nyuma au mfukoni. Vua pete na saa. Klipu ya waya mweusi ifunge kwenye chasisi kabla ya kuwasha, ili ubaki na ncha moja tu ya kushika.

Hatua

1. Hakikisha kweli ni mbovu.
Skrini nyingi za giza ni nobu zilizokaa vibaya. Weka hivi: mwangaza kati kuelekea juu, nobu zote za kusogeza mstari katikati, triga (sakiti inayoamua mstari uanze lini) kwenye AUTO, ingizo la chaneli kwenye GND, mwendo wa mlalo kwenye milisekunde 1 kwa kila mraba, nobu ndogo zilizoandikwa VAR zizungushwe mpaka zikwame kwenye CAL, na hali ya X-Y (ambapo ishara ya chaneli ndiyo husogeza doa kwa mlalo badala ya muda) iwe imezimwa. Triga ikiwa kwenye NORM au mkupuo mmoja, mstari hauji bila ishara, na hapo hakuna ugonjwa wowote.

Kisha bonyeza kitufe cha BEAM FIND kama kipo. Kazi yake ni kubana kila kitu kiingie ndani ya skrini. Ukiona doa au kamstari kafupi, basi tyubu na volti kubwa viko hai, na upande kamstari kalipoegemea ndio upande wa kufuatilia. Andika ulichokiona.

Onyo: doa lililotulia lenye mwanga mkali huunguza fosfori, ule utando wa skrini unaong'aa, na alama hiyo haitoki tena. Likitokea, punguza mwangaza papo hapo.

2. Angalia nyuma kabla ya kuchomeka.
Tazama swichi ya kuchagua volti. Mashine iliyowekwa kwenye volti 115 ikichomekwa kwenye 230 inaweza kuungua kabla hujaanza kazi. Toa fyuzi, isome, ilinganishe na maandishi ya nyuma ya mashine. Ukikuta fyuzi kubwa kuliko inayotakiwa, jua kuna mtu alishawahi kuificha shoti badala ya kuitafuta.

3. Fungua, piga picha, tazama na kunusa.
Mashine ikiwa haijachomekwa, vua kifuniko. Piga picha kutoka kila upande kabla ya kugusa plagi yoyote ndogo. Nyingi zinaingia pande zote mbili na moja tu ndiyo sahihi. Tafuta rezista iliyobadilika rangi, kapasita iliyovimba au kuvuja, utepe wa bodi ulioungua, lehemu yenye duara jeusi kuzunguka mguu wa kipuri.

Karibu na mahali umeme unapoingia, angalia kama kuna kapasita za kisanduku chenye ganda la njano linalopitisha mwanga, lililojaa nyufa ndogo. Hizo ni za karatasi. Unyevu huingia kwenye nyufa, kisha siku moja hulipuka kwa moshi mzito unaonuka. Hapa tu ndipo ninapokubali kubadilisha bila kupima: weka mpya ya daraja la usalama la X2, au Y2 kama ile ya zamani ilikuwa imeunganishwa kwenye ethi. Usibadilishane madaraja hayo.

4. Pima shoti kabla ya kuwasha.
Funga rezista yako ya kilo-omu 10 kwenye miguu ya kila kapasita kubwa ya kuchujia kwa sekunde kumi hivi, halafu thibitisha kwa mita kwamba imebaki sifuri. Kwa kapasita ya mikrofaradi 100 sekunde tano zinatosha. Kubwa zaidi ya hapo inahitaji muda zaidi. Usitumie bisibisi, cheche yake huharibu kapasita na hukushtua ukagonga kitu kingine.

Kisha pima omu kati ya kila laini ya umeme (kila volti inayotoka kwenye ugavi) na chasisi. Katika 465 laini ni volti 8 hasi, 5, 15, 55 na 110. Mita ikionesha chini ya omu chache na ikabaki hapo hapo, una shoti. Andika namba zote kwenye daftari, hata zile nzuri.

5. Washa kupitia balbu.
Unganisha balbu ya nyuzi kwa mfululizo kwenye waya wa moto. Ukiwasha, balbu iwake kwa nguvu kwa muda mfupi kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, zima: kuna shoti, na balbu imekunusurishia transfoma. Mashine yenyewe hula wati nyingi, hivyo balbu haitazimika kabisa, na volti za ndani zitakuwa pungufu. Usihukumu volti ukiwa kwenye balbu. Ikishafifia vizuri, iondoe na uchomeke moja kwa moja. Kwa ugavi wa kuswichi balbu inaweza kuzuia usiwake kabisa, hivyo giza lake halikuambii kitu.

6. Pima laini zote za umeme. Hii ndiyo hatua yenyewe.
Kama una muda wa hatua moja tu leo, ni hii. Laini moja ikiwa na kasoro, kila sakiti inayoitegemea itasema uongo, na utatafuta ugonjwa kwenye triga wakati ugonjwa uko kwenye ugavi.

Pima kila laini kwenye kituo chake na ulinganishe na kitabu. Huwa wanaruhusu asilimia chache tu. Katika mashine nyingi laini moja ndiyo rejea ya nyingine zote. Kitabu kitakuambia ni ipi. Ikiwa rejea imepotoka, usirekebishe nyingine. Na skrubu ndogo za kurekebishia usizizungushe kabisa kwa sasa. Kipuri kilichokufa hakifufuki kwa skrubu, na ukizungusha umepoteza mahali fundi wa kwanza alipoiacha.

Laini ikiwa chini, pima sehemu mbili: kabla ya regyuleta, yaani sakiti inayotuliza volti (kwenye kapasita kubwa), na baada yake.

Ikiwa kabla ni nzuri na baada ni ndogo, ama laini inabebeshwa mzigo mzito na ulinzi wa mkondo umeiangusha, ama transista ya kupitishia imekufa. Ikiwa kabla nako ni ndogo, shuku daraja la dayodi (linalogeuza AC kuwa DC) au kapasita ya kuchujia.

Sasa geuza mita kwenye AC na upime laini hiyo hiyo. Mita nyingine huchanganya DC ndani ya kipimo cha AC, hivyo weka kapasita ya mikrofaradi 0.1, yenye volti kubwa kuliko laini, kwa mfululizo na ncha nyekundu. Baada ya regyuleta nzima unatarajia milivolti chache. Ukikuta mamia ya milivolti, kapasita ya kuchujia imekauka. DC inaweza kuonekana sahihi kabisa huku mtetemo huo wa AC ukiharibu kila kitu, na ndiyo sababu wengi huipita hitilafu hii wakiitazama usoni.

Ukibadilisha kapasita ya elektroliti, weka uwezo ule ule au uliozidi kidogo, volti zile zile au zaidi, ya nyuzi joto 105. Hakikisha alama ya hasi mara mbili kabla ya kuchoma.

7. Kuna shoti? Ifuate kwa milivolti.
Mtuhumiwa wa kwanza katika mashine za miaka ya sabini na themanini ni kapasita ya tantali, ile ndogo yenye umbo la tone na rangi angavu. Ikifa mara nyingi hufa kwa shoti, na zipo nyingi zilizotawanyika kwenye kila bodi. Usizing'oe zote.

Mashine ikiwa imezimwa na chaji imetolewa, ingiza kwenye laini yenye shoti umeme kutoka ugavi wa mezani uliowekewa mipaka: volti 0.5, ampea 1. Volti hizo ni ndogo mno kuziamsha transista, kwa hiyo karibu mkondo wote unaelekea kwenye shoti. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye chasisi, na ile nyekundu itembeze juu ya njia ya laini hiyo, mita ikiwa kwenye milivolti. Tuseme mwanzoni unasoma 310. Unasogea bodi inayofuata, 240. Unaingia tawi la kushoto, inabaki 240 haibadiliki: huko mkondo hauendi, rudi. Tawi la kulia, 180, kisha 95, kisha 40 kwenye mguu wa tone moja la rangi ya bluu. Umefika. Inua mguu wake mmoja na upime tena omu za laini.

Unapoweka mpya, chagua yenye volti mara mbili ya laini. Kwenye laini ya volti 15, ya volti 35 inafaa.

8. Umeme uko sawa, mstari hauonekani: tafuta upande ulioelemea.
Vikuzaji vya wima na mlalo katika mashine hizi vina pande mbili zinazovutana. Mstari ukiwa katikati, pande zote mbili zina volti karibu sawa. Upande mmoja ukifa, mstari unatupwa nje ya skrini. Hapo una mbinu bora kuliko kubahatisha.

Zima mashine. Funga waya mfupi wenye klipu kati ya pande mbili za hatua moja ya kikuzaji cha wima, kwa mfano kati ya besi (miguu ya kudhibitia) mbili za transista za mwisho. Washa. Mstari ukirudi katikati, hatua zote kutoka hapo kuelekea tyubu ni nzima, na ubovu uko nyuma yake. Zima, hamisha waya hatua moja kuelekea kwenye ingizo, washa tena. Endelea hivyo. Hatua ya kwanza ambayo mstari unakataa kurudi, hitilafu iko kati ya hapo na mahali ulipotoka.

Onyo: waya huo ni wa upande na upande tu. Usiuguse kwenye chasisi hata mara moja, na usiuhamishe mashine ikiwa imewaka. Kwenye hatua ya mwisho ya mlalo volti ni kubwa zaidi, hivyo anza na wima.

Ukishaipata hatua yenyewe, pima kati ya besi na emita ya kila transista. Ya silikoni inayofanya kazi huonesha kati ya volti 0.6 na 0.7. Ikizidi volti 1, imekatika ndani. Ikiwa sifuri, ama ina shoti ama haipewi umeme.

Mashine ya chaneli mbili ina zawadi kubwa: chaneli nzima ni mchoro hai wa ile mbovu. Pima nukta ile ile pande zote mbili na ulinganishe. Kama transista zina soketi, zima, zibadilishane kati ya chaneli. Ugonjwa ukihama nazo, kesi imeisha. Mara nyingine kuchomoa na kurudisha tu kunatosha, kwa sababu miguu ilikuwa na kutu.

9. Safisha swichi kwa upole.
Lowesha kipande cha karatasi kwa alkoholi, kipitishe kati ya migusano ya swichi, ifunge kwa kidole taratibu na uvute karatasi. Itatoka na mstari mweusi. Rudia mpaka itoke safi. Usinyunyizie mafuta ya kulainishia bawaba. Yanavuta vumbi na kula plastiki. Migusano ya dhahabu usiisugue kwa msasa, kwa kuwa dhahabu yake ni utando mwembamba tu.

10. Thibitisha.
Acha iwake saa nzima, kisha pima laini zote upya, maana hitilafu za joto hujitokeza hapo. Unganisha probu kwenye kituo cha kujipimia cha mbele. Kikiwa cha kiloheti 1, kwenye milisekunde 1 kwa mraba unatakiwa kuona wimbi moja kamili kila mraba, na kwenye milisekunde 0.2 wimbi moja kwa miraba mitano. Pembe za wimbi zikiwa za mviringo au zimechongoka, rekebisha skrubu ya probu kwanza kabla ya kuilaumu mashine.

Dalili na pa kuanzia

*Picha inatanuka na kufifia ukiongeza mwangaza.* Volti kubwa haidhibitiwi. Rezista za mega-omu nyingi kwenye mgawanyo wa volti kubwa hupanda thamani kwa umri, na hizo hizo hufanya fokasi isifike. Mashine ikiwa imezimwa na chaji imetolewa, kumbuka kanuni hii: rezista ikipimwa ndani ya sakiti inaweza kuonesha pungufu bila kuwa mbovu, lakini ikionesha zaidi ya ilivyoandikwa, imekufa.

*Mstari unatikisika kama wimbi.* Weka triga kwenye LINE. Wimbi likitulia, linatoka kwenye umeme wa ukutani. Kwenye umeme wa heti 50, mtetemo wa heti 100 ni dalili ya kapasita ya kuchujia. Rudi hatua ya 6.

*Doa tu, halitembei.* Hakikisha si X-Y. Kisha angalia triga na sakiti ya mwendo wa mlalo.

*Mstari upo lakini wimbi halitulii.* Jaribu kwanza chanzo cha triga: INT au EXT, chaneli sahihi, kiwango katikati. Swichi chafu ni chanzo cha kawaida sana hapa.

*Inatoa sauti ya tik, tik, tik na haiwaki.* Ugavi wa kuswichi unajaribu kuanza na kukutana na shoti. Hatua ya 4 na ya 7.

*Kiwango kimoja tu cha volti kwa mraba hakifanyi kazi.* Ni swichi au kipunguza ishara cha kiwango hicho. Usiguse kikuzaji.

*Giza kabisa, umeme wote uko sawa.* Mashine ikiwa imezimwa, chomoa soketi ya nyuma ya tyubu kwa kuivuta wima bila kuipindisha, kisha pima omu kati ya pini mbili za hita, ule uzi unaoipasha tyubu joto. Inapaswa kuwa omu chache. Mita isiposoma chochote, uzi huo umekatika.

Hapo, na pale transfoma ya volti kubwa ikiwa imepiga shoti ndani, ndipo mahali pawili ninapomshauri mtu aache. Vipuri hivyo vinapatikana kwa kung'olewa kwenye mashine nyingine ya modeli ile ile, na kwa gharama hiyo mara nyingi unapata mashine nzima. Usiitupe iliyokufa. Ng'oa kwanza nobu, swichi, transista za soketi na bodi ya ugavi, zifunge kwenye mfuko wenye jina la modeli, na andika juu yake kipi ulikipima na kikawa kizima.